Fuata Maji Yako Mpaka Yanapofia

Nakumbuka asubuhi moja nilipoambiwa niyafuate maji kwa miguu yangu mpaka mahali yatakapofia. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, mfanyakazi wa bandarini, kiongozi wa wenzangu, na aliyeniambia hivyo alikuwa mzee asiyenifika hata begani. Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Leo, mwanangu, nikiikumbuka nacheka peke yangu, maana tangu jana mchana mwili wangu haukai. Nimemwaga chai mara mbili. Mke wangu, Mama Nakijwa, kaniambia, "Kaa chini, baba, utaanguka," nikamjibu kwamba mtu akipata habari kama hii halafu akatulia kitini, huyo apelekwe hospitali.

Habari yenyewe nitaisema, usinikimbize. Sisi Wapare tunasemwa kwamba hata tukishinda kesi tunakata rufaa. Kwa hiyo nivumilie nianzie mwanzo, ili usije ukadhani mzee anaruka tu kama mbuzi aliyefunguliwa kamba.

Nilitoka hapa kijijini Mamba nikiwa kijana nikaenda kupakua meli huko pwani. Kazi ilikuwa ya mgongo na jasho, lakini tuliipenda. Kisha ikaja kampuni ya nje kuendesha upande wa makontena. Walikuja na kreni ndefu na kompyuta, na meli tuliyokuwa tukiipakua wiki nzima ikawa inaisha kwa siku mbili. Hilo sikulichukia, kusema kweli nililishangilia. Kilichotuudhi ni agizo lililokuja nalo: zamu ya saa nane iwe ya saa kumi na mbili, na asiyetaka arudishe ufunguo wa kabati lake.

Wenzangu walinichagua niwe msemaji wao. Nilikuwa na mdomo, wee acha tu. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu, na nikipanda juu ya pipa kuhutubia nilijiona nimefika Kibo. Nikasema Jumatatu tunagoma, nao wakaitikia.

Sasa, pale bandarini tulikuwa watu wa aina mbili. Sisi tulikuwa na ajira ya kudumu na kadi ya chama cha wafanyakazi. Wenzetu walikuwa vibarua. Kila alfajiri walijipanga getini, wakala wa vibarua anapita akinyoosha kidole: wewe, wewe na wewe, wengine kesho. Hao ndio waliopanda juu ya makontena kuyafunga na kuyafungua minyororo, kazi ya hatari kuliko zote. Chama hakikuwatambua. Katiba yake ilisema mwanachama ni mwajiriwa wa kudumu, basi.

Mmoja wao aliitwa Mashaka, mtu wa Bendera, kule chini ya milima yetu. Baba yake alitoka mbali kuja kukata mkonge kwenye mashamba ya huko tambarare, akaoa na kuzalia hapo. Tulikuwa tukiitana "jirani", maana mtu wa Mamba na mtu wa Bendera wakikutana pwani ni ndugu, hata kama nyumbani mmoja yuko mlimani na mwingine anaungua jua bondeni. Ijumaa ile kabla ya mgomo alinifuata kwenye bomba la maji.

"Jirani, nasikia Jumatatu mnagoma," akasema. "Na sisi je?"

Nikamjibu bila hata kufunga bomba. "Nyinyi hamna kadi. Kaeni pembeni, tukishinda tutawakumbuka."

Mashaka aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka, kisha akaondoka zake. Mwanangu, ile kamba ya kiatu nimeiona mbele ya macho yangu kwa miaka mingi.

Jumatatu tuligoma, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Jumanne wakala alileta vibarua kwa malori, wakaingia getini mbele ya macho yetu, Mashaka akiwa katikati yao, kichwa chini. Tuliwaita majina ambayo siwezi kuyarudia mbele yako. Jumatano meli ikaondoka imepakuliwa yote. Alhamisi zikaja barua za kusimamishwa kazi, na ya kwanza ilikuwa na jina langu. Chama nacho, ambacho mwenyekiti wake alikikalia kiti mpaka kikachukua umbo lake, kikasema hakina habari na mgomo wowote.

Nikarudi nyumbani. Nilishuka Same, nikadandia lori la kupanda milimani, na njia nzima nilikuwa nikimlaani Mashaka. Msaliti, nikasema. Hao ndio wanaotuangusha. Mkosaji hakosi wa kumsingizia, na mimi nilikuwa nimempata wa kwangu.

Mama aliniwekea makande, akanitazama nikila, akasema tangawizi yake ina siku tisa haijaona maji, na kesho ndiyo zamu yake.

Hapa inabidi nikueleze ndiva, kwa wewe uliyezaliwa mjini na kuyajua maji ya bomba tu. Ndiva ni bwawa dogo ambalo babu zetu walilichimba kwa mikono huku juu. Kijito kinalijaza taratibu. Likijaa linazibuliwa, maji yanashuka mferejini, na kila mwenye zamu anayapokea shambani kwake. Anayeamua kuwa limejaa ni mlinzi wa ndiva peke yake. Kuna jiwe la alama ndani. Maji yakilifunika, mlinzi anapuliza pembe na kuchomoa kizibo. Na huku kwetu shamba la mwisho kabisa, tunaloliita mkiani, mwenyewe akiona maji yameingia anapaza sauti: "Yamefika!" Jirani wa juu yake anaipokea, na wa juu yake tena, mpaka neno linapanda mlima na kumfikia mlinzi kwenye ndiva. Hapo ndipo mlinzi anakwenda kunywa chai yake. Shamba la mama lilikuwa mkiani.

Enzi hizo mlinzi alikuwa Mzee Elifasi, yule mfupi niliyekutajia. Asubuhi ya zamu ya mama nilifika kwenye ndiva nikakuta hayupo, amepanda juu kusafisha mdomo wa kijito. Maji yalikuwa nusu, jiwe linaonekana lote. Nikasimama. Nikakumbuka barua, nikakumbuka malori, nikajisemea kwamba maisha yangu yote watu wananiambia nisubiri. Nusu ndiva si maji? Shamba lenyewe ni dogo. Nikavua viatu, nikaingia, nikachomoa kizibo.

Maji yalitoka kwa kishindo, nami nikafurahi mno, nikajiona mwanamume aliyemwokoa mama yake.

Mzee Elifasi akatokea na jembe begani. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ni wewe uliyezibua?"

"Ndiyo, mzee. Leo ni zamu ya mama."

Akatazama ndiva, akanitazama mimi. "Haya, yafuate."

"Niyafuate wapi?"

"Mpaka yatakapofia. Ukifika hapo uje uniambie umekuta nini."

Nikayafuata pembeni mwa mfereji nikiwa peku. Mwanzo yalinikimbia, yakizoa majani makavu. Tulipopita mashamba ya kwanza yakapunguza mwendo. Mfereji ulikuwa umekauka na kupasuka, kila ufa unakunywa kabla haujayaachia maji yapite. Kwenye migomba ya katikati yakawa yanakwenda mwendo wa konokono, na mimi nikawa naongea nayo, naapa, nayabembeleza kama mtoto anayejifunza kutembea. Kufika kwenye kona ya mawe yakasimama. Povu likazunguka kidogo, likatulia, ardhi ikalinywa. Pakabaki unyevu tu.

Kutoka pale nilimwona mama chini kabisa. Alikuwa amefungua mdomo wa shamba lake, amesimama na jembe, kichwa amekiinamisha upande akisikiliza. Akapaza sauti kuuliza, "Yamefika wapi?"

Nakwambia kweli, mwanangu, nilikaa chini juu ya yale mawe nikalia, mimi msemaji wa makuli. Mama akauliza tena, na tena, mpaka jirani akamjibu kwa niaba yangu kwamba hayaji.

Nikapanda kurudi. Mzee Elifasi alikuwa amekaa ukingoni mwa ndiva tupu, anatoa tope kwenye kucha.

"Umekuta nini?"

"Yamekufa njiani, mzee."

"Mfereji mbovu?"

"Hapana."

"Mama yako hakuamka mapema?"

"Aliamka, mzee. Nilizibua kabla hayajajaa."

Akatikisa kichwa, bila hasira. "Maji ya mbele hayafiki kwa nguvu zake," akasema. "Yanasukumwa na ya nyuma. Wewe umeyapeleka ya mbele peke yake. Nasikia na huko pwani mmegoma mkashindwa. Nyuma yenu alikuwepo nani?"

Niliona kamba ya kiatu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilikuwa limevunjika mara mbili, pwani na mlimani, kwa kosa lile lile. Ndipo nikaelewa kwamba Mashaka hakuwa amenisaliti. Nilimwacha mkiani nikamwambia asubiri, halafu nikashangaa maji hayakufika.

Adhabu yangu niliitumikia kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Pembe ililia, kila nyumba ikatoa mtu, tukaingia ndani ya ndiva kuzoa tope siku mbili nzima, nami nilipangiwa upande wenye tope zito. Watu walinitania sana: "Mgomaji, leo hugomi?" Lakini niliona jambo nililolizoea utotoni bila kulitazama. Wa juu walichimba sawa na wa mkiani, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kadi.

Baada ya miezi miwili bandari waliniita kazini kwa onyo kali. Alfajiri ya kwanza sikuingia kwa geti letu. Nilikwenda kujipanga na vibarua, nikamtafuta Mashaka, nikamwambia mbele ya wenzake, "Jirani, nilikukosea. Nimekuja kukuomba radhi."

"Siku ile sikutaka kuingia," akasema. "Nilitaka niulizwe."

Tukaanza upya. Si kwa kugoma, kwa kutoa tope. Tulikwenda zamu kwa zamu, geti kwa geti, kudai katiba ya chama ibadilishwe ili kibarua naye apewe kadi, na wawakilishi wachaguliwe pale pale kazini kwa kura badala ya kuteuliwa ofisini. Ilituchukua karibu miaka miwili, na matusi mengi ya wenzangu wa kudumu walioona nawashusha hadhi. Mwenyekiti alipong'oka alidai kuondoka na kiti chake, tukamruhusu, hakuna aliyekitaka. Mashaka akawa katibu wa tawi. Halafu, mwanangu, halafu tukagoma. Kreni zikasimama, malori ya wakala yakaja getini matupu, yakageuka matupu. Mgomo ulidumu nusu siku. Saa saba mchana tulikuwa tumeitwa mezani, na zamu ikarudi saa nane kwa wote, wa kudumu na vibarua. Nilimbeba Mashaka mgongoni kuzunguka uwanja wa makontena, na si mtu mdogo yule.

Haya, sasa habari ya jana.

Binti yangu wa mwisho, Nakijwa, ni dereva wa kreni bandarini. Ndiyo, ile ile ndefu niliyoishangaa mimi, yeye anapanda juu yake kama anapanda kitandani. Wiki sita zilizopita alikuja likizo, bodaboda ikamshusha hapo mlangoni, na kabla hajatua begi akaanza kunieleza. Kampuni iliyopo sasa, nayo ya nje, inataka madereva washuke waketi chumbani mbele ya skrini, mmoja aendeshe kreni tatu, na waliobaki waende nyumbani. Usuluhishi umeshindikana, kura imepigwa, barua ya notisi imeandikwa, bado kupelekwa tu. Yeye ndiye mwakilishi wao.

"Baba, tuko madereva arobaini tu," akasema, macho yanawaka. "Tukishuka sisi, bandari yote imelala. Hatuhitaji mtu."

Nilikuwa naisikia sauti yangu mwenyewe juu ya pipa.

"Na wanaofunga makontena?"

"Hao kampuni hii imewarudisha kwa wakala, baba. Wako nje ya mkataba wetu. Tukishinda tutawaangalia."

"Na meli ikigeuzwa, ikapakuliwe bandari ya nchi jirani?"

Hapo ndipo akatua begi. Kampuni ya siku hizi haina bandari moja kama mimi na shamba langu. Ikizibiwa hapa, inafungua kule. Mfereji wao ni mrefu mno, na mkia wake hauko tena Tanzania.

Sikumhubiria. Nilimshika mkono nikampeleka kwenye ndiva, ambayo siku hizi imesakafiwa na ina mlinzi mwingine, kijana mwenye simu mbili. Nikamtembeza kwa miguu mpaka kwenye kona ya mawe, nikamkalisha pale nilipolia, nikamwonyesha mahali bibi yake aliposimama. Nikamweleza yote niliyokueleza wewe.

"Lakini baba, barua tumeshaandika."

"Barua si pembe, mama. Jiwe lako limefunikwa?"

Aliondoka kesho yake amenuna, damu ni yetu. Lakini alisogeza siku. Wenzake walimwita mwoga, wakasema amekwenda kwao kupewa dawa ya kupoa. Akavumilia. Akakaa na wafunga makontena kantini, akawauliza, na kuwauliza kwenyewe kukawafanya wengine watokwe machozi. Kwa simu hizi zenu akawatafuta makuli wa bandari ya jirani, wakawa wanaongea kila siku, Kiswahili chao na chetu vikicheka pamoja. Mimi huku nilikuwa silali vizuri. Mke wangu anajua. Nilikuwa namwogopea asije akaandikiwa barua kama yangu, naye ana mtoto mdogo.

Juzi wakagoma. Kampuni ikaigeuza meli, ikaipeleka kwa jirani. Mimi nikasema moyoni, haya sasa, kona ya mawe hiyo.

Jana mchana nilikuwa shambani, hapo hapo mkiani palipokuwa pa mama, napalilia tangawizi. Simu ikaita. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu na ngoma ya mapipa.

"Baba, unanisikia? Meli imefika kule, na makuli wa kule wamekunja mikono. Hakuna aliyepanda. Wa huku wafunga makontena wote wako nje na sisi. Kampuni wametuita mezani, na wafunga makontena wamepewa viti viwili." Akavuta pumzi, nikasikia analia. "Baba, yamefika."

Sikumbuki kama nilikata simu. Nilitupa jembe, nikasimama katikati ya tangawizi, nikapaza sauti yote Mungu aliyoniachia: "Yamefika!" Mama Daudi wa shamba la juu, ambaye hajui chochote kuhusu meli, akaipokea kwa mazoea, akaipeleka juu. Wa juu yake akaipeleka. Nikalisikia neno likipanda mlima wetu shamba kwa shamba, mpaka likafika kwenye ndiva, na baada ya robo saa yule kijana mwenye simu mbili akashuka mbio kuuliza nani kazibua maji yake bila ruhusa.

Basi, mwanangu, wewe unayesoma haya ukiwa na damu ya moto kama yetu, nasaha yangu ni hii. Ukiwa na haki ya kudai, idai, wala usiniambie unaogopa. Lakini kabla ya kuchomoa kizibo, shuka kwanza kwa miguu mpaka mkiani. Tazama nani amesimama huko na jembe anasikiliza. Muulize, usimwambie utamkumbuka. Mezani bado hawajamaliza huko pwani, wanaweza kuvutana wiki nzima, na Nakijwa anajua kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Kama katiba ya chama chenu ina mlango mwembamba, panueni mlango kabla ya kufunga geti la mtu.

Mungu wa milima hii akupe mdomo wa kusema na miguu ya kushuka. Akupe wa nyuma wa kukusukuma. Na siku utakayokuwa wewe ndiye uliye mkiani, kichwa umekiinamisha unasikiliza, usiulize mara tatu kama mama yangu. Yakufikie.